Wafanyabiashara wadogo waulizwe kabla ya kuhamishwa

Kwa miaka mingi sasa mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam amekuwa akilala bila kujua kesho atapanga meza yake wapi. Leo anaachwa auze kando ya barabara, kesho mgambo wanakuja na gari, keshokutwa anaonyeshwa uwanja mtupu ulio mbali na kituo cha daladala na kuambiwa kuwa hilo ndilo soko lake.

Kero hiyo ilijitokeza tena Julai 2024 katika soko la Simu 2000 wilayani Ubungo, eneo ambalo kabla ya mgawanyo wa wilaya lilikuwa sehemu ya Kinondoni. Wafanyabiashara waligoma wakipinga mpango wa kukabidhi eneo hilo kwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) kwa ajili ya karakana ya mabasi.

Hakuna anayeweza kusema kuwa jiji halihitaji mabasi. Wauzaji hao hao ndio abiria wa kila alfajiri, wakiwa na mizigo yao. Lakini malalamiko katika migogoro ya aina hii huwa ni yale yale, kwamba uamuzi unakuwa umekwisha kutolewa kabla mwenye meza hajaulizwa.

Jiji hili lina somo la kutosha kuhusu jambo hilo. Mwaka 2006 wamachinga waliondolewa katika mitaa ya katikati ya jiji na vibanda vyao vikabomolewa. Kisha likajengwa jengo la ghorofa la Machinga Complex pale Karume, Ilala, kwa mkopo kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), likiwa na nafasi za wafanyabiashara zaidi ya 4,000.

Jengo lilikamilika mwaka 2010. Kilichofuata kinajulikana na kila mpita njia wa Barabara ya Kawawa. Wafanyabiashara walipanda, wakasubiri wateja, wateja hawakupanda, nao wakateremka kurudi barabarani. Vizimba vingi vikabaki vitupu huku deni la mkopo likiendelea kukua.

Kosa halikuwa zege wala nondo. Mteja wa mmachinga ni mtu anayetoka kazini, ana haraka, na anachomoa sh. 500 mfukoni kwa sababu bidhaa imemkuta njiani. Mtu huyo hapandi ngazi kwenda ghorofa ya pili kutafuta soksi au fungu la nyanya.

Desemba 2018, Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa sh. 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi sh. milioni 4. Wengi walipumua. Lakini Oktoba 2021, wakati wa Serikali ya Awamu ya Sita, likaja zoezi jingine la kuwapanga upya wamachinga, na vibanda vya kando ya barabara vikaondolewa katika wilaya zote za mkoa. Katika muda usiofika miaka mitatu, mtu yule yule alitambuliwa na Serikali, kisha akahamishwa.

Mkulima wa Kilolo au Muheza anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya watu wa mjini. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Nyanya ikitoka shambani hupakiwa kwenye matenga, ikasafiri usiku kwenye fuso na kufika Dar es Salaam alfajiri. Pale Mabibo au Temeke Stereo, dalali huipokea na kuwauzia wachuuzi tenga moja moja. Wachuuzi hao ndio wanaoigawa katika mafungu na kuisambaza Mbagala, Tandika, Manzese, Tandale na kila kona yenye nyumba za kupanga. Ndivyo linavyokwenda pia chungwa la Muheza na nanasi la Kiwangwa.

Kwa maneno mengine, mchuuzi anayefukuzwa barabarani ndiye wakala wa mwisho wa mkulima. Halipwi mshahara na mkulima, hana mkataba naye na hawajuani kwa sura, lakini asipofika sokoni alfajiri, mzigo unabaki chini.

Chukua mfano wa mchuuzi anayenunua tenga kwa sh. 40,000 na kuliuza kwa mafungu kwa jumla ya sh. 52,000. Anabaki na sh. 12,000, na hapo bado hajatoa nauli, ushuru na chakula. Akihamishiwa mahali pasipo na wapita njia na theluthi moja ya nyanya ikamwozea, anaambulia takriban sh. 35,000. Amekula mtaji wake sh. 5,000 kwa siku moja. Zikifuatana siku za namna hiyo, hana tena fedha ya kununua tenga zima.

Wachuuzi wakipungua, dalali hushusha bei asubuhi hiyo hiyo, maana nyanya haingoji kikao cha Baraza la Madiwani. Simu inapigwa Kilolo kwamba soko limekuwa baya. Mkulima anailaumu mvua, anamlaumu dalali, anailaumu lumbesa. Hajui kuwa juzi kuna meza 200 zilizoondolewa kandokando ya barabara moja mjini.

Wapo waliolielewa jambo hili mapema kuliko wapangaji wa jiji, nao ni vijana wa muziki wa Bongo Fleva. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Juma Nature na wenzake wa TMK Wanaume walilichukua jina la Temeke, wilaya iliyokuwa ikidharauliwa kuwa ni ya uswahilini, wakalifanya kuwa alama ya kujivunia nchi nzima. Hawakusubiri jengo la kisasa. Kanda zao zilitembezwa mikononi na wamachinga, vituoni na kwenye foleni za magari, mpaka zikafika mikoani.

Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, ambako kuna soko kubwa la nafaka, alifanya hesabu hiyo hiyo mwaka 2017 alipoingiza sokoni karanga za kufungashwa kwenye vipakiti, zilizopewa jina lake. Umaarufu unaweza kumfanya mtu aijue karanga, lakini ili ainunue lazima imfikie mkononi, na anayeifikisha ni yule yule mchuuzi wa kituoni. Nyuma ya kila kipakiti cha karanga yupo mkulima.

Muziki huo umefika hata kwenye vyumba vya maamuzi. Said Fella, aliyekuwa meneja wa TMK Wanaume Family, alichaguliwa mwaka 2015 kuwa diwani wa Kilungule, Mbagala. Hilo linaonyesha kuwa mlango wa Baraza la Madiwani haujafungwa kwa watu waliotoka mtaani. Humo ndimo zinamopitishwa sheria ndogo za ushuru, na humo ndimo hatima ya masoko inapojadiliwa.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa halmashauri. Barabara zinazibwa, watembea kwa miguu wanasukumwa katikati ya magari, na mitaro inajaa taka kiasi kwamba mvua kidogo tu inaleta mafuriko. Moto ulioteketeza soko kuu la Kariakoo Julai 2021, na ule wa soko la Karume Januari 2022, ni ushahidi wa hasara inayoweza kutokea usiku mmoja. Jiji lisilo na utaratibu linamuumiza kwanza mfanyabiashara mdogo mwenyewe.

Kwa hiyo hoja si kwamba kila mtu auze popote apendapo. Hoja ni kwamba utaratibu uanze na hesabu ya watu na njia wanazopita. Kabla ya kuhamisha soko, halmashauri ihesabu abiria wanaoshuka katika kituo kilicho karibu na eneo jipya. Kama kituo hakipo, daladala zielekezwe huko kwanza, maji na vyoo viwekwe, kisha wafanyabiashara ndio wafuate.

Pili, viongozi waliochaguliwa na wafanyabiashara wenyewe wahusishwe tangu mchoro unapoandaliwa, wasiitwe siku ya kutangaziwa tarehe ya kuondoka. Ushuru nao usimame kwa miezi ya mwanzo mpaka wateja watakapolizoea eneo hilo.

Tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, iwafikie kwa haraka vikundi vya waliohamishwa. Mtu aliyepoteza mtaji katika wiki ya kuhama hawezi kusubiri mwaka mzima.

Kwa upande wao, wafanyabiashara nao waache tabia ya kukwepa mikutano ya mitaa na kusubiri siku ya mgambo ndipo wapige kelele. Vyama vyao viwe na daftari la wanachama na meza zao, kwa sababu asiyeandikwa popote ni rahisi kusahauliwa siku ya kugawa vizimba. Vyama vya ushirika vya wakulima navyo vijue ni masoko gani ya Dar es Salaam yanayopokea mazao yao, na vipaze sauti pale masoko hayo yanapotikiswa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeijua biashara ya nyanya pale Mbagala ni yule anayeamka saa tisa usiku kuifuata Temeke Stereo. Yeye ndiye wa kuulizwa kwanza soko likae wapi, na mkulima aliyeko Kilolo atalipata jibu lake katika bei ya tenga.