Nafuu ya Prednisoloni Si Ushahidi

Mtoto mdogo akianza kuchechemea na kulilia magoti, jibu huwa tayari: "Baridi yabisi hiyo, apewe prednisoloni tuone." Baada ya siku chache anacheza, na watu wazima wanaridhika kwamba ugonjwa umeshajulikana. Sikubaliani nao. Nafuu hiyo haithibitishi chochote.

Prednisoloni hutuliza baridi yabisi, lakini pia ni miongoni mwa dawa za kutibu saratani ya damu. Huua sehemu ya seli za saratani, homa ikashuka, maumivu yakapungua, na uboho ukipimwa baadaye huenda usionyeshe ugonjwa waziwazi. Saratani bado imo, na muda wa kuitibu unapotea.

Watasema vipimo vya damu vilikuwa vizuri. Saratani ya damu inayoanza kwa maumivu ya mifupa mara nyingi huacha hesabu za damu zikikaribia kawaida mwanzoni. Hata vipimo vya kingamwili vinavyohusishwa na baridi yabisi huweza kuwa chanya kwa mtoto mwenye saratani.

Dalili zenyewe ndizo za kuchunguzwa. Mwenye baridi yabisi huamka viungo vimekaza, akitembeatembea vinalegea. Goti linaweza kuvimba sana naye asilalamike sana. Saratani humwamsha usiku akilia, maumivu yakizidi uvimbe unaoonekana, na ukibonyeza, mfupa wenyewe unauma. Tazama pia viganja vilivyopauka, michubuko isiyo na sababu, mitoki na kukonda. Kwenye vipimo vya maabara, baridi yabisi kali kwa kawaida huongeza chembe sahani. Zikiwa chache ilhali kipimo cha ESR, kinachoashiria uvimbe mwilini, kiko juu, hapo pana hatari.

Ni kweli kutolewa uboho kunauma, na hospitali za rufaa ziko mbali. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kutambua ugonjwa ni mojawapo ya sababu.

Mzazi, kabla mwanao hajaanza dawa hiyo, uliza kama damu yake imetazamwa kwa darubini. Kama ameshaanza, usimkatishe ghafla, mrudishe hospitali. Nawe daktari, ukiwa na shaka, pima uboho kwanza.