Usajili na Mbinu Havitenganishwi

Mwezi Februari 2021 Simba iliilaza Al Ahly ya Misri bao 1-0 jijini Dar es Salaam, mfungaji akiwa Luis Miquissone. Miezi sita baadaye Miquissone aliuzwa kwa Al Ahly hiyo hiyo, na Clatous Chama akauzwa kwa RS Berkane ya Morocco. Msimu uliofuata, ubingwa wa Bara ambao Simba ilikuwa imeutwaa mara nne mfululizo ulikwenda kwa Yanga.

Wapo wapenzi wa soka wanaolaumu mauzo yale. Sisi hatukubaliani nao. Mchezaji ana haki ya kutafuta maslahi yake, na klabu haiendeshwi bila fedha. Kosa lilikuwa kuitegemeza timu juu ya mabega ya watu wawili pasipo kuandaa warithi wao. Ndiyo maana Januari 2022 klabu ililazimika kumrudisha Chama.

Kocha hawezi kujenga mbinu za kudumu kwa kikosi kinachobomolewa kila msimu unapokwisha. Viongozi wa klabu zetu hawana budi kuwaandaa vijana kabla ya kuwauza wakongwe. Mpenzi anayelipa kiingilio anastahili timu, si majina.