Ufunguo wa Ghala la Dawa

  

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa mengine kwa siku 90. Kabla ya mwezi huo kwisha, katika kliniki za tiba na matunzo za nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, watumishi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo waliambiwa wabaki majumbani: karani wa takwimu, mshauri nasaha, mama anayepita mitaani kuwatafuta wagonjwa walioacha kuja. Siku chache baadaye ikatolewa ruhusa kwamba dawa za kuokoa maisha ziendelee kutolewa. Ndipo wengi wetu tulipotambua kuwa dawa kuwapo ghalani ni jambo moja, na kumfikia mgonjwa ni jambo jingine.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ukaanzishwa mwaka 1988, na Tume ya Taifa, TACAIDS, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Fedha kubwa zilikuja baadaye kutoka nje: Mfuko wa Dunia mwaka 2002 na mpango wa Marekani wa PEPFAR mwaka 2003. Hatuna sababu ya kuukana wema huo. Watoto wengi leo wanao mama zao kwa sababu yake. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, yaani watu wapatao milioni 1 na nusu, na kila mmoja wao anahitaji kidonge leo, kesho na maisha yake yote. Akikikosa kwa wiki chache virusi huanza kuongezeka, na akikimeza leo na kukiacha kesho hufika wakati dawa ikashindwa kumsaidia.

Wengi hudhani kwamba kinachotushinda ni bei ya kidonge hicho. Sivyo. Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kuwa kidonge kimoja cha kila siku, chenye dawa 3 ndani yake, kimeshuka hadi chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka mzima. Zidisha kwa watu milioni 1 na nusu: hazifiki dola milioni 68. Ni fedha nyingi, ila si mzigo usiobebeka kwa taifa. Gharama iliyojificha ni ya wanadamu na utaratibu: kupima wingi wa virusi, kusafirisha dawa hadi zahanati ya mwisho wa barabara, kufanya maoteo ya mahitaji miezi kadhaa kabla, na kuandika nani amekuja na nani hakuja. Hayo ndiyo tuliyowaachia wageni.

Katika Sura Yusuf tunasimuliwa kwamba Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba asimamizi hazina za Misri, hakujinadi kwa uzuri wake wala kwa nasaba yake. Alijitaja kwa sifa 2: kuwa ni mlinzi, na kuwa ni mjuzi. Akaweka akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Mlinzi asiye na ujuzi hufunga mlango wa ghala huku dawa zikipita muda wake ndani. Mjuzi asiye mlinzi twamfahamu sote, na hatuna haja ya kumweleza.

Kwa miaka mingi kila mfadhili alikuja na daftari lake, gari lake na mhasibu wake. Aprili 2004 wafadhili wenyewe walikutana Washington wakakubaliana kuwa kila nchi iwe na mkakati mmoja, chombo kimoja cha uratibu na mfumo mmoja wa ufuatiliaji. Maneno mazuri. Lakini mradi ulipoondoka mwaka 2025, katika vituo vingi aliyekuwa akijua kulisoma daftari aliondoka nao.

Upande wa fedha, mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi, ikiwamo yetu, hazijafika huko. Zimbabwe ilianza mwaka 2000 kutoza asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI, na sehemu kubwa ya fedha hizo hununua dawa. Kweli, sarafu yao ilipoporomoka mwaka 2008 makusanyo hayo yaliyeyuka; hata hivyo mlango ulikuwa wao, na waliufungua tena. Tanzania ilianzisha Mfuko wake wa UKIMWI mwaka 2015, ukabaki mdogo kwa miaka mingi. Katika bajeti ya 2025/26 ndipo zilipoongezwa tozo za kuutunisha mfuko huo pamoja na bima ya afya kwa wote.

Hatuzipingi tozo hizo. Tunaomba hesabu zake ziwe wazi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inaamrisha deni liandikwe, na mashahidi wawepo. Basi shilingi ya mfuko wa wagonjwa ina haki zaidi ya kuandikwa.

Wapo watakaosema kuwa haya ni ya serikali, au ni ya waasherati. Wamwendee mke aliyeambukizwa ndani ya ndoa yake, au mtoto aliyezaliwa nayo, wamwambie hivyo usoni.

Kamati za kudhibiti UKIMWI za halmashauri zina wawakilishi wa dini. Tunawaomba masheikh na akina mama wanaotuwakilisha humo wasiende kufungua kikao kwa dua na kukifunga kwa dua tu. Waulize: Dawa zilizopo katika wilaya yetu zinatosha miezi mingapi? Wagonjwa wangapi hawakurudi robo mwaka iliyopita, na nani amekwenda kuwatafuta? Karani wa kliniki analipwa na nani, na mkataba wake unakwisha lini? Majibu yaandikwe, yasomwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, na yaulizwe tena kikao kijacho.