Gia Zinapokataa

Mwezi huu nakuomba tutoke jikoni kidogo, twende nyuma ya nyumba, pale inapoegeshwa baiskeli.

Najua wengi mtasema, "Hayo ni mambo ya baba na vijana." Nami nilisema hivyo hivyo, mpaka siku kijana wetu aliporudi kutoka shule kiwiko kimechubuka na shati limechanika. Baiskeli yake ni ya mtumba, zile za kupandia milima, yenye gia 21: visahani vya meno vitatu mbele na saba nyuma. Kwa majuma mengi gia za nyuma zilikuwa zikikataa. Akibadili, cheni inachelewa, inakereza, kisha inaruka yenyewe katikati ya mlima. Baba yake alimkaripia kwamba anazichezea. Fundi mmoja akakaza waya, akalegeza skrubu moja, akasema imepona. Siku ya tatu cheni ikapita kisahani kikubwa, ikaingia kwenye spoku, gurudumu likakwama ghafla, naye akaanguka.

Fundi wa pili alitaka kubadili vyombo vyote vya nyuma, kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa karo. Ndipo nilipoketi na mwanangu, tukaitazama ile baiskeli sisi wenyewe.

Yafaa kwanza kujua kazi inavyokwenda. Nyuma unaning'inia mkono wa chuma wenye vigurudumu viwili vidogo vya meno. Tuuite mkono wa gia. Unapobadili gia kwenye usukani, waya huuvuta mkono huo kuelekea spoku, cheni ikapanda kisahani kikubwa, yaani gia nyepesi ya mlimani. Waya ukiachiwa, springi hurudisha mkono nje, cheni ikashuka kisahani kidogo. Tangu kampuni ya Shimano ya Japani ilipotoa gia za kubofya mwaka 1984, kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu. Kati ya kisahani na kisahani kwenye baiskeli yenye saba nyuma ni kama milimita 5 tu. Waya ukilegea kidogo, cheni haifiki mahali pake.

Sasa mwambie kijana ainue gurudumu la nyuma kwa kushika kiti, nawe zungusha pedali kwa mkono, huku ukibadili gia moja moja. Angalia vidole visikaribie spoku wala meno.

Kama cheni inasita kupanda kisahani kikubwa, waya umelegea. Pale waya unapoingia kwenye mkono wa gia mara nyingi pana kifundo cha kuzungusha. Ukiwa umesimama nyuma ya baiskeli, kizungushe kinyume cha saa robo mzunguko, ujaribu tena. Kama inapanda vizuri ila inasita kushuka, waya umekaza mno. Kizungushe upande wa pili, robo kwa robo.

Kama inasita kupanda na kushuka pia, usihangaike na kifundo. Hapo mara nyingi waya umeshika kutu ndani ya ganda lake. Peleka cheni kwenye kisahani kikubwa kabisa, simamisha pedali, kisha rudisha gia kwenye usukani bila kuzungusha. Waya utalegea, na katika baiskeli nyingi utaweza kulichomoa ganda kwenye vishikizo vyake na kulisogeza. Pangusa waya kwa kitambaa, utie tone la mafuta ya cherehani. Ukiwa umechakaa au nyuzi zake zimekatika, nunua mpya pamoja na ganda. Lakini angalia dukani: ganda la breki si ganda la gia. La breki hubonyea kidogo, na kipimo cha gia kikapotea.

Tazama pia mkono kwa nyuma. Vile vigurudumu viwili viwe vimesimama wima, sambamba na visahani. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kipande kinachoushikilia mkono huweza kupinda. Hiyo ni kazi ya fundi.

Cheni ikiruka pale tu kijana anapokanyaga kwa nguvu, huenda imechakaa. Chukua rula, pima kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikifika 30.7, ibadilishe kabla haijala meno ya visahani. Cheni ni nafuu kuliko visahani.

Mwisho ni skrubu mbili ndogo za mkono, zenye herufi H na L. Hizi hazirekebishi gia. Ni kama kitasa cha lango. H huzuia cheni isidondoke nje ya kisahani kidogo, na L huizuia isiingie kwenye spoku. Ile iliyolegezwa kwetu ilikuwa L. Waya mbovu ukatibiwa kwa kufungua lango, na mwanangu akaanguka.

Maana ugonjwa wenyewe ulikuwa waya. Tulipochomoa ganda, yalitoka maji mekundu ya kutu. Mwanangu akanitazama, hakusema neno. Baiskeli ile ilikuwa ikilala nje, chini ya mchirizi wa paa, kwa amri yangu mimi, kwa kuwa sikutaka tairi lenye tope liguse sakafu niliyokwisha kuipiga deki.

Tulinunua waya na ganda, tukakaza L mpaka kigurudumu cha juu cha mkono kikakaa chini kabisa ya kisahani kikubwa, kisicheze zaidi ya hapo. Akaijaribu kwanza kwenye tambarare, kisha mlimani, akikumbuka kupunguza nguvu ya miguu kila anapobadili gia. Karo haikuguswa.

Jioni ile, mbele ya baba yake, nilimwomba kijana wangu radhi. Baba naye akakohoa, akasema, "Na mimi pia." Siku hizi baiskeli inalala ukumbini juu ya gunia kuukuu.

Mama mwenzangu, mtoto akikuambia chombo kimeharibika, kabla hujamkaripia, inama ukitazame pamoja naye.

Tukutane mwezi ujao.