Kukataza si Kuchagua: Nani Anawachagulia Watoto Wetu Vitabu?



Mwezi Februari 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 visitumike katika shule na taasisi za elimu nchini, za serikali na za binafsi. Sababu iliyotolewa ni kuwa maudhui yake yanakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Kitanzania. Miongoni mwa vitabu hivyo ulikuwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa mwandishi Mmarekani Jeff Kinney. Waislamu wengi tulifurahi. Tulipongezana baada ya swala, tukasema kuwa sasa watoto wetu wamesalimika.

Hatukukosea kufurahi. Tulikosea kulala baada ya furaha ile. Tujiulize, na tujibu kwa kumcha Allah (SW): katika vitabu vile 16, ni vingapi vilivyokuwamo ndani ya nyumba za Masinono, Muhoji au Kinyang'erere? Mwandishi wa makala haya hajakiona hata kimoja. Wala hajaona, katika nyumba nyingi alizokaribishwa, kitabu kingine chochote cha mtoto, kiwe kibaya au kizuri. Tulishangilia kufungwa kwa mlango ambao watoto wetu hawakuwa wamefika hata uani kwake.

Hoja ya makala haya ni moja. Kukataza si kuchagua. Mwenye kukataza bila kuchagua humwacha mtoto mikono mitupu, na mikono mitupu haikai mitupu muda mrefu. Itashika simu ya kaka, itashika lolote litakalopita njiani.

Kisa cha uani mwa msikiti

Siku moja baada ya swala ya alasiri nilimkuta mtoto wa darasa la tano ameketi uani mwa msikiti na kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri za rangi. Alikuwa akisoma kwa sauti, bila kusitasita. Kilikuwa kitabu cha watoto wanaocheza katika theluji. Nilifurahi, nikamwuliza: "Mwanangu, hapo kinasema nini?" Akanijibu kwa adabu: "Sijui, ustadhi. Mimi nasoma tu."

Nikaanza kuilaumu shule moyoni mwangu. Nikawalaumu waliokileta kitabu, nikamlaumu na mwalimu aliyekigawa. Kisha mtoto yule akakiweka pembeni, akafungua juzuu amma yake, akasoma kwa tajwidi iliyonyooka. Ndugu zangu, sikumwuliza swali lile la kwanza. Sikuthubutu kumwuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua, na mwalimu wake wa madrasa ni mimi.

Kuhifadhi Qur-ani ni ibada yenye malipo hata kwa asiyefahamu maana. Hilo halina mjadala. Lakini mtoto anayesoma Kiingereza bila kufahamu shuleni, na Kiarabu bila kufahamu madrasa, anajifunza jambo moja pande zote mbili: kwamba kusoma ni kutoa sauti. Akishalijua hilo kwa miaka saba, ni vigumu sana kumfundisha vingine. Ole wetu iwapo umma ulioamrishwa kusoma katika wahyi wa kwanza kabisa utalea watoto wanaodhani kuwa kusoma ni kazi ya ulimi peke yake.

Fedha peke yake haikutosha

Wapo watakaosema kuwa tatizo ni umaskini, na serikali ilete vitabu. Historia ya karibuni inatufundisha kuwa jambo hili si jepesi hivyo.

Mwaka 2012 kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ililipa pauni milioni 29.5 kutokana na kashfa ya ununuzi wa rada. Wananchi waliziita fedha hizo "chenji ya rada", nazo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ilikuwa heri kubwa. Hata hivyo, mapema mwaka 2013 Bunge lilikuwa likijadili hoja ya Mheshimiwa James Mbatia kuhusu udhaifu katika elimu, ukiwamo ubovu wa vitabu vya kiada vilivyokwisha kupewa ithibati. Mwaka huohuo kamati ya kuidhinisha vitabu, iliyojulikana kwa jina la EMAC, ikavunjwa, na kazi ikaenda kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwaka 2017 makosa yakaonekana tena, safari hii katika vitabu vya Taasisi yenyewe, na Waziri wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akawasimamisha kazi baadhi ya watendaji.

Sisemi haya kwa kumkejeli mtu. Kuandika kitabu cha mtoto ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Ninachosema ni hiki: ikiwa kosa liliweza kupenya mbele ya macho ya wataalamu, vipi sisi tunampa mtoto kitabu ambacho hatujakifungua hata ukurasa wa kwanza? Qur-ani inatuamrisha kuhakiki habari inapotujia. Kitabu ni habari inayoingia katika moyo wa mtoto na kukaa humo miaka sitini.

Tuzingatie pia hesabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na shilingi 4,000 kati ya hizo zilitengwa kwa ajili ya vitabu. Ni shilingi 4,000 kwa masomo yote. Katika hizo hakuna nafasi ya kitabu cha hadithi cha kumfanya mtoto apende kusoma. Nafasi hiyo iliachwa wazi, na wenye kuijaza ni wazazi.

Kabati lililofungwa

Hapa kwetu hatuwezi kusema kuwa hatukusaidiwa. Shule za Musoma Vijijini zimepokea vitabu vya msaada kutoka ng'ambo kwa jitihada za Profesa Sospeter Muhongo, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mwaka 2015. Ni jambo la kushukuriwa, na asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Tatizo halipo kwa anayetoa. Lipo kwetu tunaopokea.

Katika shule moja ambayo sitaitaja nilioneshwa kabati lililojaa vitabu, limetiwa kufuli. Nilipouliza sababu, niliambiwa kuwa watoto wataviharibu. Ama kweli! Mchwa hawakuambiwa hivyo. Ndani yake mlikuwamo vitabu vya sayansi ambavyo mwanafunzi wa sekondari angevilipia nauli mpaka Musoma mjini ili avione, na mlikuwamo pia vitabu ambavyo havimfai mtoto yeyote wa kijiji kile. Vyote vilikaa pamoja gizani, kwa sababu hakuna aliyekuwa na saa mbili za kuketi na kuvichambua. Wajumbe wa kamati ya shule ni sisi. Baadhi yetu tunaswali safu ya mbele.

Tusisahau vijitabu vyetu wenyewe

Sasa niseme neno litakalowachukiza baadhi ya ndugu zangu. Sisi ni wepesi kukagua vitabu vya wenzetu na wazito kukagua vyetu. Milangoni mwa misikiti huuzwa vijitabu visivyo na jina la mwandishi wala la mchapishaji, vimejaa visa vya kutisha vya kaburini na hadithi anazosingiziwa Mtume (SAW), zisizo na sanad wala rejea. Tunawanunulia watoto kwa sababu tu juu ya jalada kuna picha ya msikiti. Kumzulia Mtume (SAW) uongo ni dhambi kubwa. Je, kuusambaza uongo huo kwa watoto ni jambo dogo? Mtoto anayetishwa kwa uongo akiwa mdogo, siku atakapoujua ukweli, ataitilia shaka hata haki.

Na upande wa pili tunakitupa kitabu kizuri cha hesabu au cha elimu ya viumbe kwa sababu jina la mwandishi si la Kiislamu. Waandishi wa sira wamesimulia kuwa baada ya vita vya Badr, mateka wa Makka waliojua kuandika waliruhusiwa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walikuwa washirikina, na jana yake walikuwa na panga mikononi. Mtume (SAW) hakuikataa herufi kwa sababu ya mkono ulioiandika. Alijua anachokitaka kwa mwalimu yule, naye alikuwapo kusimamia. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua.

Mizani ya kuchagulia

Mzazi atauliza: mimi sikusoma sana, nitachaguaje? Mizani ni tatu, na hazihitaji shahada.

Ya kwanza ni lugha. Mtoto wa Bugwema huingia darasa la kwanza na Kijita kinywani. Shule humpa Kiswahili, madrasa humpa Kiarabu, na akifika sekondari hukuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Lugha nne kwa mtoto mmoja! Kitabu kinachomfaa ni kile kilichomzidi kwa hatua moja. Kilichomzidi kwa hatua kumi humfundisha kukariri tu. Mwambie akusomee ukurasa mmoja, kisha akusimulie kwa maneno yake. Akiweza, kitabu ni chake. Asipoweza, kiweke mpaka mwakani.

Viongozi wa watu waliijua siri hii. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na The Merchant of Venice mwaka 1969, aliyoiita Mabepari wa Venisi. Alikuwa Rais mwenye shughuli za nchi nzima, na bado aliona ni kazi yake kukileta kitabu karibu na msomaji. Kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika na vitabu vya dini kwa Kiswahili ili watu wasome wakafahamu. Hakuona kuwa Kiswahili kinaipunguzia dini heshima.

Ya pili ni ukweli. Je, mwandishi na mchapishaji wametajwa? Je, kitabu cha ziada kina ithibati ya Taasisi ya Elimu? Je, kitabu cha dini kinataja hadithi imetoka wapi? Usipojua, muulize anayejua.

Ya tatu ni adabu. Hapa tusitazame neno moja tukakimbia. Hadithi yenye mwizi ndani yake si lazima iwe hadithi ya kufundisha wizi. Tutazame kitabu kinamsifu nani mwishoni, na kinamfanya mtoto acheke nini. Kitabu kinachomchekesha mtoto dhidi ya wazazi wake, dhidi ya masikini au dhidi ya mlemavu ni kibaya, hata kama hakina tusi hata moja.

Lifanyike nini?

Kwanza, kila msikiti uteue watu watatu wa kusoma vitabu kabla ya watoto, na mmoja wao awe mama. Mama ndiye anayekaa na mtoto jioni.

Pili, wajumbe wetu katika kamati za shule waombe kabati lifunguliwe. Wajitolee siku moja kumsaidia mwalimu kuchambua. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana muda huo, na si haki kumlaumu.

Tatu, kila madrasa iwe na sanduku la vitabu. Vijana wenye simu waisaidie kwa vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu imeviweka katika maktaba yake ya mtandaoni bila malipo. Hata mafunzo ya juzuu amma yaambatane na maana kwa Kiswahili, aya chache kila wiki. Nimeanza mimi mwenyewe, na ninakiri kuwa nilichelewa.

Nne, tunapochangishana kwa ajili ya sherehe, tutenge sehemu ya vitabu. Kitabu cha hadithi cha mtoto ni bei ya kilo mbili tatu za mchele. Mchele huliwa siku moja. Kitabu kitasomwa na huyu, na mdogo wake, na jirani yake. Wenye kipaji cha kuandika nao waandike. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa Aprili 2023, na hadithi za watoto zimepata nafasi ndani yake. Kwa nini hadithi ya mtoto wa ufukwe wa ziwa hili isiandikwe na mtu wa ufukwe huu?

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku ya kuulizwa haitatosha kujibu: "Ya Rabbi, vitabu vibaya tulivikataza." Tutaulizwa vizuri viko wapi. Ijumaa hii, kabla hujalala, keti na mwanao, mpe kitabu chochote kilichomo ndani ya nyumba, na umwambie akusomee. Kisha muulize: kinasema nini? Kama kitabu hakimo, jibu umekwisha lipata.

Wabillahi tawfiq.