Mbaazi Kwenye Sahani ya Bibi Harusi

Tangu Idi imalizike tunaalikwa harusi kila wiki, na sahani ni ile ile: pilau au biriani, juisi ya sukari, halua na kahawa. Mbaazi hazipo. Eti ni chakula cha siku isiyo na samaki, kumpa mgeni ni aibu.

Hapo hatukubaliani. Wali mweupe mtupu hupandisha sukari ya damu haraka. Ukiupunguza, nafasi yake ukajaza maharage, kunde au choroko, sukari hupanda taratibu, maana zina nyuzinyuzi na protini na wanga wake humeng'enywa polepole. Mwaka 1982 David Jenkins na wenzake walionesha kuwa waliokula adesi asubuhi badala ya mkate, sukari yao ilipanda kidogo hata walipokula chakula cha mchana.

Bibi zetu na mbaazi zao za nazi asubuhi hawakuwa wajinga. Ila tuseme kweli, mandazi matano na upawa mmoja wa mbaazi hayo si hayo. Mandazi moja au mawili, bakuli lijae mbaazi, tui jepesi.

Kwa nini tunamsemea bibi harusi? Kwa sababu anawekwa ndani, anasingwa, hatembei, na kila anayeingia anamlisha tamu ili anawiri. Mwakani huenda ana mimba, na kama mama yake ana kisukari, hatari ya sukari ya mimba kwake ni kubwa zaidi. Wangapi kati yetu hatuna mama au khaloo mwenye sukari? Basi masomo, mnapomfunza mambo ya unyumba mfunzeni na hili, na akishika mimba apimwe sukari, hasa wiki ya 24 hadi 28.

Tunajua mnachocheka: gesi! Roweka usiku kucha, maji yamwage, pika ziive hasa. Na azizoee mapema, asianze siku ya nikaha.

Mwenye dawa asiziache kwa ajili ya maharage. Anayechoma insulini aulize daktari kwanza kabla ya kupunguza wali.

Shughuli yetu ya mwisho Mji Mkongwe tulithubutu kuweka sufuria la mbaazi kando ya pilau. Wakubwa walinong'ona. Saa nane mchana tulikuta sufuria limekwanguliwa, pilau imebaki.