Baraza na Mwenyewe

Nimesikia ya kuwa idara yetu imekusudia kulifufua baraza la mazungumzo ya Kiswahili lililokufa miaka 4 iliyopita. Habari hiyo ni njema, nami ningaliipokea kwa mikono miwili kama isingalifuatana na pendekezo lililoandikwa katika kumbukumbu za mkutano: kwamba safari hii baraza lisiwe na msimamizi, wala kipimo cha muda, wala masharti ya usemi, ili likue upesi. Ati lililoua baraza la kwanza ni uchache wa watu na wingi wa kanuni. Mimi ndimi niliyekuwa msimamizi wa baraza hilo kwa miaka 3. Nililiona likizaliwa, nikaliona likinenepa, nikaliona likikata roho. Na sababu ya kifo chake siyo hiyo iliyoandikwa.

Tulianza watu 9, kila Alhamisi jioni, chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa. Juma la kwanza nilisema mimi, juma la pili nilisema mimi, na juma la tatu niliwaona wenzangu wakitazama saa zao. Asiyepata kuanzisha baraza hudhani ya kuwa watu wakikusanywa watazungumza. Hawazungumzi. Kila mmoja humngoja mwenziwe, naye msimamizi huachwa peke yake na kimya kile, akitafuta neno. Basi niliwaomba rafiki zangu wawili waje wabishane kwa makusudi: mmoja ashike kwamba mashine ile iitwe tarakilishi, mwingine ashike kwamba jina lake ni kompyuta wala halina dawa. Haikuwa hila mbaya, maana kila mmoja aliyasema aliyoyaamini. Robo saa haikupita, watu wote 9 walikuwa wanasema, na giza likatukuta pale pale. Tangu siku hiyo sikwenda barazani bila ya kuwa na swali mfukoni, na swali hilo lilinigharimu usiku mzima wa Jumatano.

Mwaka wa pili tukawa watu 60, tukahamia ukumbini, na wakuu wetu wakafurahi. Hapa ndipo nilipotakiwa kuingiwa na hofu, nami nilijivuna. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Mazungumzo ya saa 2 ni dakika 120. Watu 9 wakigawana, kila mmoja hupata dakika 13. Watu 60 wakigawana, kila mmoja hupata dakika 2. Walakini hawagawani. Wako watatu au wanne wenye ndimi nyepesi ambao huzichukua dakika 80, na waliosalia hugeuka kuwa wasikilizaji, na msikilizaji asiye na zamu hachukui muda kuona ya kuwa nyumbani kuna kazi.

Tena liko jambo moja ambalo hata leo linaniuma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, binti aliyetoka bara, alisimama kusema juu ya methali za kwao. Katika lafudhi yake ra na la zilibadilishana mahali. Mtu mmoja mwenye elimu, tena mwenyeji wa pwani, akalirudia neno lake kwa kuliiga, na ukumbi ukacheka. Binti yule akaketi. Sikusema kitu. Nilijiambia ya kuwa ni mzaha tu, na kwamba msimamizi mwema haingilii kila dogo. Alhamisi iliyofuata hakuja, na wenzake watano waliokuwa wakija naye hawakuja pia. Nilikuwa na wajibu mmoja jioni ile, nao ulikuwa ni kusema sentensi moja, sikuusema.

Baada ya hapo baraza lilipungua kwa taratibu inayojulikana. Kwanza waliondoka wanyonge. Kisha wakaondoka wale waliokuwa na hoja lakini hawana sauti. Mwisho walibaki wasemaji wanne, wakisemezana wao kwa wao yale waliyokwisha kusemezana. Niliomba nipunguziwe vipindi viwili vya kufundisha nipate nafasi ya kulitengeneza. Nikajibiwa ya kuwa baraza si kazi. Kwa hiyo nilirudi kusahihisha karatasi za mitihani, na baraza likafa bila ya matanga.

Watetezi wa pendekezo jipya hutupigia mfano wa mabaraza ya mitaani. Husema, tazameni Lamu, tazameni Mji Mkongwe wa Unguja: watu huketi, hunywa kahawa, husema, na hapana mwenyekiti. Asemaye hivyo amepita njia, hakuketi. Baraza la mitaa hiyo ni kiti cha mawe kilichojengwa ukutani mwa nyumba ya mtu, na nyumba ina mwenyewe. Mzee akifika, kijana humpisha. Mgeni husalimu kwanza, kisha husikiliza, kisha, pengine baada ya siku nyingi, husema. Mtu akivuka mpaka, liko jicho litakalomtazama, na jicho hilo latosha. Hata Jaws Corner ya Unguja, ambako siasa hupikwa pamoja na kahawa, mazoea ya mahali hujulikana na wakaao pale. Kanuni zimo, hazikuandikwa kwa sababu kila mtu alizinyonya utotoni. Sisi wa chuo tunakusanya watu waliotoka Mtwara, Bukoba, Mombasa na Bujumbura, ambao hawakulelewa katika mtaa mmoja. Kwa watu wa namna hii kanuni isiposemwa kwa mdomo haipo, na mahali isipokuwapo hutawala mwenye sauti kubwa.

Au watazame magazeti. Toka Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi wa Kiswahili walipata mahali pa kujibizana, mmoja akiuliza, mwingine akijibu, na wa tatu akiwasuta wote wawili. Lakini baina ya mshairi na mshairi alikuwapo mhariri aliyechagua. Nakiri ya kuwa kuchagua kwaweza kuwa udhalimu. Gazeti lile lilikuwa la serikali ya kikoloni, na yako mambo ambayo halikuweza kuyasema. Dawa ya hayo si kumwondoa mlinzi. Dawa ni kumlazimisha aeleze hadharani kwa nini amekataa alichokataa, na kumbadilisha kila mwaka kabla hajadhani ya kuwa mlango ni wake.

Ubishi mkubwa wa ushairi wetu ulikua kwa njia hiyo. Amri Abedi alitoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, tungo zisizofuata vina. Mulokozi na Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi mwaka 1979, na Mayoka akaandika juu ya mgogoro huo mwaka 1984. Maneno makali hayakukosekana, wala mpaka leo pande mbili hazijapatana. Lakini kila upande ulilazimika kusoma ulichokipinga, na sisi tunaofundisha leo tunaishi kwa matunda ya ugomvi wao.

Ama kukua, baraza halikui kama mbuyu, hukua kama mgomba. Mji Mkongwe haukujenga baraza moja la watu elfu. Kila mtaa una lake. Tulipofika watu 20 ningalipasa kuchipua baraza la pili na kumpa mwanafunzi hodari alisimamie, kisha la tatu. Badala yake nilitafuta ukumbi mkubwa zaidi, na msomaji ameona ulinifikisha wapi.

Mkutano wa kuamua ni mwezi ujao. Nitapinga pendekezo, nami nitaleta langu: mabaraza matatu ya watu wasiozidi 20, kila moja na msimamizi wa mwaka mmoja, zamu ya kusema isiyozidi dakika 5, na ruhusa ya kuivunjavunja hoja ya mtu bila kumgusa mwenye hoja, wala lafudhi yake, wala kwao. Na vipindi viwili vya kila msimamizi vihesabiwe katika kazi yake ya juma, viandikwe katika ratiba kama viandikwavyo vipindi vya sarufi. Idara ikiona gharama hiyo ni kubwa, na iseme waziwazi ya kuwa hailitaki baraza. Binti yule amekwisha kuhitimu. Nasikia anafundisha sekondari huko kwao. Nimemwandikia barua kumwomba radhi, na kumwomba aje afungue baraza la kwanza, likiwapo.